Chakula Kiko Chini ya Kawa

Bi Riziki alizikwa Jumanne baada ya adhuhuri, na mimi sikuwapo. Nilikuwa Taveta kumtazama mjukuu aliyezaliwa, simu haina chaji, na nilipopata habari jeneza lilikuwa limeshatoka Chaani. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Nilifika siku ya hitima nikiwa nimevaa kanzu iliyokunjamana mkobani, mke wangu Mejumaa yuko nyuma yangu ananinong'oneza niinue kichwa, watu wananitazama. Nyumba yake, niliyopanga ujanani, ilikuwa na mabati mapya na nyaya za umeme kila mahali, lakini ule ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi uani ulikuwa na sakafu yake ileile ya saruji nyekundu. Ukutani, kwenye msumari wake wa siku zote, lilikuwa limetundikwa kawa, kile kifuniko cha chakula kinachosukwa kwa ukili. Rangi zake zilikuwa zimepauka na ukingo mmoja umetafunwa na panya. Nilisimama mbele yake nikashindwa kupita, mpaka Mejumaa akanishika mkono akaniketisha mkekani pamoja na wanaume wenzangu.

Mwaka ninaoukumbuka ulianza Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idd, nilipotuma posa Kisauni kwa babake Mejumaa na jibu likarudi limenyooka. Maalim Salimu, aliyekuwa akisomesha chuo cha Qurani mtaani kwao, hakukataa. Alisema tu kwamba binti yake hampi mla mirungi. Ananipa mwaka mmoja. Mwaka ukitimia nije mwenyewe, nikae mbele yake, niape kwa jina la Mungu kwamba nimeacha, hapo ndipo tutakapozungumza habari za mahari. Akamwambia mjumbe wangu pia kwamba kuna kijana wa Bamburi ameshaulizia, na kwamba yeye hana haraka, ila binti hawekwi ndani milele. Yule kijana wa Bamburi sikupata kumwona kwa macho yangu hata leo, lakini mwaka ule mzima nililala naye na kuamka naye.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nashona maturubai ya malori Changamwe, kando ya barabara ambayo malori husimama kungoja zamu ya kuingia kwenye matangi ya mafuta. Kazi yenyewe ni ya kuchutama juu ya turubai lililotandazwa chini, sindano ndefu, uzi uliopakwa nta, na kiganja kimefungwa kipande cha ngozi ili sindano isikutoboe unapoisukuma. Nilikuwa fundi mzuri asubuhi. Ikifika saa nane mchana, gari la mirungi linakaribia kuingia, macho yangu yalikuwa barabarani, na mishono niliyoshona saa hiyo ungeijua kwa kuitazama tu. Nilikuwa sili mchana. Mla mirungi chakula cha mchana hukiona kama adui, kwani tumbo likijaa majani hayashiki vizuri. Basi nilikwenda kijiweni kwa rafiki yangu Sudi na tumbo tupu, karanga mfukoni na chupa ya chai ya rangi, nikarudi nyumbani kesho yake imeshaanza. Nilikuwa nimekonda, meno yameanza kuwa na rangi ya kutu, na nina maneno mengi. Hakuna aliyekuwa akipanga mipango ya maisha vizuri kama mimi na Sudi jioni, wala hakuna aliyeikumbuka asubuhi.

Msidhani kwamba sikuwa najaribu kuacha. Nilikuwa naacha mara kwa mara, na kwa vishindo. Kila Ramadhani niliacha kabisa, nikawahubiria wenzangu, nikawaona wanaokula baada ya futari kuwa watu dhaifu. Kisha Idd ikifika, nimefaulu mwezi mzima, nilijipongeza. Najipongeza kwa nini? Kwa kitita cha mirungi. Nacheka nikiandika haya, lakini wakati ule sikuona kichekesho chochote. Jibu la Maalim Salimu liliponifikia nilisimama palepale ukumbini kwa Bi Riziki, wapangaji wote wanasikia, nikaapa. Wallahi, billahi, tallahi, sitagusa tena. Siku ya tisa niligusa. Nikaapa upya, nikavunja upya. Aliyevunja kiapo ana kafara, na asiyeweza kulisha maskini kumi hufunga siku tatu, kwa hiyo mwezi ule nilikuwa mtu wa kufunga siku tatu, kufungua, kula mirungi, kuapa na kufunga tena. Watu waliokuwa hawanijui walidhani mimi ni mcha Mungu sana.

Bi Riziki ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mjane, mnene, sauti yake nzito, na haendi popote bila sinia lake la uraibu: majani ya tambuu yamefunikwa kitambaa kibichi, popoo na kikatio chake, chokaa kwenye kopo dogo, na tumbaku. Alitafuna kutwa, midomo myekundu, akatema kwenye kopo lake bila kukosea shabaha. Kodi yake ilikuwa pamoja na chakula cha mchana, na sahani yangu ilikuwa ikiishia kwa kuku. Alasiri moja ya kafara, nimejilaza chumbani na njaa yangu, aliniita uani. Chumba changu kilikuwa cha tatu kushoto na kuta hazikufika juu, mtu akikuita huwezi kujifanya hukusikia.

"Bakari."

"Naam, mama."

"Tangu Idd umeapa mara ngapi?"

Nilimwambia sijui. Alisema yeye anajua, ni mara nne, na kwamba anaogopa kukaa nyumba moja na mtu anayelichezea jina la Mungu hivyo. Nikaanza kumwambia kwamba safari hii ni kweli, safari hii wallahi. Aliinua mkono nikanyamaza.

"Usiape tena," alisema. "Humu ndani mwangu usiape, na huko nje usiape. Mirungi kula. Mimi sikukatazi."

Nilidhani ananikejeli. Lakini aliendelea kukuna nazi yake, akasema analolitaka ni moja na ni dogo. Kila siku baada ya adhuhuri sahani yangu atanifunikia kwa kawa mezani ukumbini. Nitoke Changamwe, nije, nifunue, nile nimalize, ninawe, kisha niende ninakotaka. Nisimwambie mtu. Nisiseme naacha, nisiseme napunguza. Nilimwuliza hiyo itanisaidia nini na mwaka unakwenda na Maalim anangoja kiapo. Alisema Maalim yuko Kisauni na wali uko hapa. Nilimwona mwanamke mshamba sana siku ile, na leo naona haya kwa fikra ile.

Siku za kwanza nilikula kwa kisirani. Wali wa nazi na mchicha, au ugali na papa mkavu wa kupaka, au mbaazi na chapati, na Bi Riziki hakai nami, yuko uani na binti yake Mwanaisha, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa akinichungulia kuhakikisha nimemaliza. Ukumbi ule mchana ulikuwa na baridi yake nzuri. Mlango wa mbele wazi, mlango wa uani wazi, upepo unapita katikati, na mimi peke yangu na sahani, nasikia wanawake wakizungumza mambo ya harusi na wagonjwa na bei ya samaki. Nilikuwa nimesahau kwamba watu huzungumza polepole namna ile. Jambo nililoligundua baada ya wiki mbili tatu ni kwamba tumbo likishiba, majani kweli hayashiki. Nilikuwa natafuna kijiweni nikiona yana uchungu tu, na saa nne za usiku nikawa nasinzia, nikachekwa, nikaenda kulala. Mkono ukatulia. Bwana Mulwa, fundi wangu mkubwa, akalitazama turubai nililoshona mchana akauliza nani kalishona.

Mwezi wa pili Bi Riziki aliongeza jambo jingine, na safari hii pia lilikuwa dogo hata nikaona aibu kulikataa. Baada ya kula nisiende kijiweni moja kwa moja, nipite kwanza sokoni nimletee nazi mbili. Soko liko upande wa pili kabisa. Kwenda na kurudi, kuzichagua kwa kuzitikisa sikioni, kungoja azivunje aone kama ni nzuri, alasiri imeshaadhiniwa, nami nikawa nasali jamaa bila kukusudia. Nilifika kwa Sudi wenzangu wameshamaliza nusu. Baadaye akaomba Jumatatu nibaki nimsaidie kurekebisha makuti ya banda la kuku, na banda lile lilikuwa na maajabu yake, kwani kila Jumatatu lilikuwa limeharibika. Nilijua kuwa anafanya kusudi. Yeye alijua kuwa najua. Hatukulitaja.

Siku moja nimejilaza chumbani nikamsikia akizungumza na jirani ukumbini. Jirani alikuwa akisema yule kijana wako wa mirungi hafai, nyumba nzuri kama hii, na kesho atakuibia. Bi Riziki alitema kwanza kwenye kopo lake. Kisha akasema huyu hana ubaya wowote, huyu ana haraka tu, anataka awe mtu mwingine kabla jua halijatua. Nililala pale natazama paa, machozi yananitoka kuingia masikioni. Nakumbuka pia kwamba mwaka ule Bi Riziki mwenyewe alikuwa na kisirani chake. Alimfokea Mwanaisha kwa jambo dogo, alilalamika popoo za siku hizi si nzuri, na mara nyingi nilimkuta anafyonza karafuu, shavu limetokeza. Nilidhani ana jino. Nikamwambia kuna mganga wa meno mzuri Changamwe, akanitazama kwa jicho kali akaniambia nishughulike na nazi.

Halafu Sudi akaoa. Ilikuwa katikati ya mwaka, nimeshafika mahali pa kula mirungi siku mbili tu kwa wiki, nami nikaenda harusini kama mtu aliyepona. Tuliketi kwenye jamvi la wanaume na vitita vya mirungi vimepangwa kama kuni, na bwana harusi mwenyewe akanichagulia. Nilikula siku ile, na ya pili, na ya tatu. Kazini sikwenda. Siku ya nne mchana nilirudi Chaani nikiwa na nguo zilezile, ulimi una vidonda, na njia nzima nilikuwa namwona Maalim Salimu akimpa mkono yule kijana wa Bamburi. Niliingia ukumbini nikapiga magoti, kiapo kiko mdomoni, nimeshafika kwenye wau ya wallahi.

Bi Riziki alikuwa amesimama karibu na mlango wa uani, ananipangusia meza.

"Chakula kiko chini ya kawa," alisema, akageuka akaenda zake kwa kuku.

Sikuulizwa nilikuwa wapi. Nilifunua, nikakuta muhogo wa nazi na kipande cha changu. Siku zote tatu alikuwa akinifunikia, Mwanaisha aliniambia baadaye, na siku zote tatu kuku walikula. Nilikula nalia, nikanawa, nikaenda kununua nazi mbili. Mpaka leo watu wakiniuliza ni siku gani niliyoacha mirungi, jibu ninalolijua moyoni ni siku ile, ingawa baada yake nilikula tena mara nyingi. Nilikuwa nimeanguka, na nikakuta njia iko palepale nilipoiacha, haikurudi nyuma kunianzishia mwanzo.

Siku mbili zikawa moja. Ile moja ikawa ya kukaa tu na wenzangu, natafuna shina moja kwa ajili ya mazungumzo, mpaka mazungumzo yenyewe yakanichosha. Mara ya mwisho kugusa ilikuwa Rajabu, na sikujua kwamba ni ya mwisho. Ramadhani ikaja, nikafunga kama watu wengine, sikumhubiria mtu. Siku ya Idd ndiyo niliyoiogopa. Bi Riziki akaifunika sahani kama siku yoyote, pilau badala ya wali, na baada ya kula akaniambia nazi zimekwisha. Soko lilikuwa limefungwa, siku ya Idd nani anauza nazi. Nilizunguka Chaani nzima na kanzu yangu mpya nikitafuta nazi, na niliporudi mikono mitupu jua lilikuwa limekuchwa.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kisauni, yeye na mimi. Aliingia ndani kwa wanawake, nikabaki sebuleni na Maalim Salimu, pazia katikati. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, ana desturi ya kupangusa miwani yake kila anapotaka kusema neno zito. Tuliamkiana, tukaulizana hali, nikanywa kahawa. Akapangusa miwani. Akasema mwaka umetimia, amesikia habari njema zangu, basi imebaki nitamke kiapo kama tulivyoagana. Na wallahi, naapa kwa neno hili kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nilitaka kuapa. Miezi mitatu sikuwa nimegusa. Kiapo kingekuwa cha kweli kwa siku ile. Mejumaa alikuwa nyuma ya pazia, nasikia bangili zake. Lakini nilijua vilevile nilivyokuwa kila Mfungo Mosi, na nilijua kinachonipata nikishaapa: hujiona nimefika, nikaacha kutembea.

"Siapi, Maalim," nilisema.

Bangili zilinyamaza. Maalim aliniuliza kama nimesikia alilolisema. Nikamwambia nimesikia, na simkatalii kwa jeuri.

"Leo sijagusa. Na jana sikugusa. Kesho sijaifikia," nilimwambia. "Ukinitaka kesho nitakuja nikwambie habari ya kesho."

Aliendelea kupangusa miwani, nami nikaona nimeshampoteza Mejumaa kwa ulimi wangu mwenyewe, na kutoka upande wa pili wa pazia Bi Riziki hakusema lolote la kuniokoa. Hatimaye Maalim akavaa miwani. Alisema wavulana wake chuoni huapa tangu asubuhi hadi jioni, na wanaoapa upesi ndio hasa waliovunja dawati. Kisha akasema vizuri, Ijumaa ijayo nije nimwambie. Nilikwenda Kisauni kila Ijumaa kwa miezi minne. Alikuwa akiniuliza, nikimjibu maneno yaleyale, tunakunywa kahawa, narudi Changamwe. Ijumaa moja aliniuliza habari za turubai badala yake, akasahau swali, na nikajua kwamba binti nimepewa. Siku ile ya kwanza, tulipokuwa tukirudi kwa kuvuka daraja la Nyali kwa miguu kwa sababu nilikuwa nimejaa furaha na hofu na siwezi kukaa kitini, nilimwuliza Bi Riziki mbona hakusema neno. Alinijibu kwamba mdomo ulikuwa wangu.

Nimemweleza Mejumaa hadithi hii mara nyingi, na wanangu pia, na kila mara niliieleza kama hadithi yangu: kijana mmoja, sahani moja, na mama mwenye busara anayetazama kutoka mlangoni. Hitima ilipokwisha, watu wameshakula na kuondoka, Mwanaisha alinipeleka uani. Ana wajukuu sasa, amenenepa kama mamake. Aliniletea lile sinia la uraibu kutoka kabatini, safi, limesuguliwa, kikatio cha popoo kimeshika kutu hata hakifunguki. Nikamwuliza mama aliacha lini, maana kwa kweli miaka yote niliyokuwa nikija kumwamkia sikuwa nimelitazama jambo hilo. Nilidhani uzee tu, meno yameisha.

"Alianza na wewe," Mwanaisha alisema. "Siku ileile. Aliniambia hawezi kumwambia mtoto wa watu asogee na yeye amekaa. Alianza kwa kutoa tumbaku kidogo. Wewe uliacha Rajabu. Yeye ilimchukua miaka minne."

Nilikumbuka karafuu. Nilikumbuka kelele alizompigia mtoto, na popoo zisizokuwa nzuri, na jicho alilonitupia nilipomtajia mganga wa meno. Miaka minne, na mimi nilishaoa, nimehama, naja Idd na kilo ya sukari kumsimulia jinsi nilivyoshinda. Alikuwa akinisikiliza hadi mwisho. Nilimwuliza Mwanaisha mbona hakuniambia hata mara moja.

"Alisema mlikubaliana msimwambie mtu."

Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, mtu mzima na mvi zangu, nikalia bila kujificha. Mejumaa alikuja akasimama karibu nami. Jua lilikuwa limeinama na kuku wa Mwanaisha walikuwa wakizunguka miguuni petu wakitafuta punje za wali. Baada ya muda Mwanaisha aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia sikuweza. Aliingia ukumbini, nikasikia kawa likigwaruza ukuta, na aliporudi mlangoni hakunihimiza. Alisema tu kwamba amenifunikia mezani.

Nikaenda nikafunua, nikala, nikamaliza.